Simu ya Bei Nafuu Kondoa: Kutoka Kitochi hadi Simu Janja

Kolo ni kijiji cha Wilaya ya Kondoa, mkoani Dodoma, kilicho kando ya barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Babati na Arusha, na jina lake limejulikana nje ya Tanzania kwa sababu ya michoro ya miambani ambayo Mary Leakey aliinakili mwaka 1951 na ambayo Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, yaani UNESCO, liliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wageni wengi hutazama miamba hiyo na kuendelea na safari. Makala hii inatazama jambo jingine, changa kwa umri lakini lenye historia yake kamili: namna watu wa Kolo, na wa uwanda wa kati kwa jumla, walivyochagua simu ya bei nafuu tangu simu za mkononi zilipoanza kuenea nchini hadi kufika kwa simu janja, yaani simu yenye kioo cha kugusa, intaneti na programu ambazo mtumiaji huziongeza mwenyewe. Hoja inayofuatwa humu ni kwamba mnunuzi wa uwanda huu hakuwahi kuchagua chombo peke yake. Alichagua huku akipima umeme usiokuwapo, mnara ulio mbali, fundi aliye mjini na mavuno ambayo hayajauzwa, na ndiyo maana simu yenye bei ndogo kuliko zote dukani mara nyingi haikuwa simu rahisi.

Kabla ya simu za mkononi uchaguzi wenyewe haukuwapo. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, mawasiliano ya nchi yaliwekwa chini ya Shirika la Posta na Simu Tanzania, ambalo nalo liligawanywa mwanzoni mwa mwaka 1994 likazaa Kampuni ya Simu Tanzania (TTCL), Shirika la Posta na Tume ya Mawasiliano, iliyokuja kurithiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Simu ya waya ilikuwa kitu cha ofisi za wilaya, polisi, hospitali na misheni; aliyeihitaji aliomba laini, akasubiri, na akipata alipewa na chombo chenyewe, bila kuulizwa anapenda kipi. Mkulima wa Kolo alituma barua, au alimpa ujumbe abiria wa basi, na ujumbe huo ulifika kwa kadiri basi lilivyofika, jambo ambalo katika barabara ya vumbi iliyokatwa na makorongo halikuwa la hakika wakati wa masika.

Simu za mkononi zilianza nchini mwaka 1994 kwa kampuni ya Mobitel, lakini kwa miaka kadhaa zilibaki kuwa alama ya ukubwa katika Dar es Salaam na miji michache. Mabadiliko yaliletwa na ushindani: Vodacom ilianza kazi Agosti 2000, na mwaka 2001 Celtel, iliyozaliwa na TTCL baada ya sehemu ya hisa za kampuni hiyo ya umma kuuzwa, ikafuata. Minara ilitangulia kwenye miji na kwenye barabara zenye magari mengi. Kondoa haikuwa na bahati katika hili, kwa kuwa barabara ya Dodoma hadi Babati, ingawa enzi ya Waingereza ilihesabiwa kuwa sehemu ya njia kuu ya kutoka Cape hadi Cairo, ilibaki bila lami kwa miongo mingi baada ya Uhuru, na magari ya kutoka Dodoma kwenda Arusha yalipendelea kuzunguka njia nyingine. Tena nchi yenyewe ni ya milima. Mawimbi ya simu husafiri vizuri pale ambapo mnara na simu havitenganishwi na kilima, na miinuko ya Irangi, iliyo ukingoni mwa Bonde la Ufa, huacha mabonde mengi kivulini mwa mawimbi hayo. Kwa hiyo katika vijiji vya namna hii palikuwa na mahali panapojulikana, chini ya mti fulani au juu ya jabali, ambapo mtandao ulishika, na simu ya kwanza kusifiwa ilikuwa ile iliyoshika mtandao mahali ambapo nyingine zilikata.

Katika mazingira hayo ndipo ilipofika Nokia 1100, iliyotolewa mwaka 2003 na kuuzwa kwa zaidi ya simu milioni 250 duniani, idadi inayoiweka miongoni mwa vyombo vya umeme vilivyouzwa sana kuliko vyote katika historia. Ilikuwa na tochi kichwani, vibonye vilivyofunikwa kwa mpira usiopitisha vumbi, na betri iliyokaa siku nyingi bila kuchajiwa. Haikuwa na kamera wala intaneti, na kioo chake hakikuonyesha rangi. Mtu aliyeipima kwa macho ya Ulaya aliiona simu duni, lakini kila kilichokuwamo kilijibu swali la mtu anayeishi penye vumbi na giza. Mwaka 2005 chama cha kimataifa cha kampuni za simu, GSMA, kiliona kwamba mamia ya mamilioni ya watu walikuwa ndani ya eneo la mtandao lakini hawana chombo, kikaipa Motorola kazi ya kutengeneza simu ya chini ya dola 40, kisha ya chini ya dola 30. Simu hizo zilishusha bei katika soko zima, ingawa katika Tanzania hazikuacha jina kama lililoachwa na tochi ya Nokia, ambayo hadi leo imezipa simu zote ndogo za vibonye jina la kitochi.

Suala la chaji linastahili kutazamwa kwa kirefu kuliko mengine, maana ndilo lililotawala uchaguzi wa simu vijijini. Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, uliundwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi mwaka 2007, na nguzo za umeme zilichukua miaka mingi zaidi kusogea kutoka makao makuu ya wilaya hadi vijijini. Kwa muda wote huo mwenye simu aliipeleka kuchajiwa kwenye duka lenye jenereta, kwenye mashine ya kusaga, au kwa mtu mwenye paneli ya jua na betri ya gari, akalipa kwa kila chaji. Malipo ya mara moja yalikuwa madogo, lakini yakijumlishwa kwa mwaka yaliweza kukaribia bei ya simu yenyewe, na hesabu hiyo ilifanywa na watu ambao hawakuhitaji kuifundishwa. Simu iliyochajiwa mara moja kwa wiki ilikuwa rahisi kuliko simu iliyochajiwa kila siku hata kama bei yake ya dukani ilikuwa kubwa mara mbili. Jambo la pili, ambalo watengenezaji wa simu za baadaye hawakulizingatia, ni kwamba betri ya kitochi ilitoka: mwenye simu aliweza kuacha betri peke yake kwa mchajishaji, ikabanwa kwenye chaja ndogo iitwayo kobe, huku simu na laini vikibaki nyumbani, salama dhidi ya wizi na dhidi ya kubadilishiwa. Simu yenye betri iliyofungiwa ndani humlazimisha mwenyewe kuiacha nzima, pamoja na siri zake zote.

Fedha za kununulia simu zilikuja kwa msimu. Uwanda wa kati hupata mvua za msimu mmoja, kati ya Novemba au Desemba na Aprili, na mkulima wa mtama, uwele, mahindi na alizeti hushika fedha za maana baada ya kuvuna. Biashara ya simu, kama ya mabati na baiskeli kabla yake, ilichangamka katika miezi hiyo, madukani mjini Kondoa na katika minada, yaani masoko ya siku maalumu ambapo mifugo huuzwa pamoja na nguo, vyombo na bidhaa nyingine. Aliyekosa fedha za chombo hakukosa kila kitu. Wengi walinunua laini tu, wakaitunza ndani ya daftari au kitambaa, na walipohitaji kupiga au kupokea fedha waliichomeka katika simu ya ndugu au jirani. Vocha zilipopunguzwa ukubwa hadi shilingi 500, na desturi ya kubipu, yaani kupiga na kukata ili mwenye uwezo apige, ilipoenea, ilidhihirika kwamba gharama ya kumiliki simu iliweza kusambazwa katika ukoo mzima. Takwimu zinazohesabu laini na kudhani zimehesabu watu zimeikosea historia hii tangu mwanzo.

Mwezi Aprili 2008 Vodacom ilileta Tanzania huduma ya kutuma na kupokea fedha kwa simu iitwayo M-Pesa, iliyokuwa imeanza Kenya mwaka mmoja kabla, na kampuni nyingine zikaiga. Huduma hii iliongeza thamani ya simu ndogo badala ya kuipunguza, kwa sababu ilitumia orodha fupi za maneno zinazofunguka kwa kubonyeza nyota na tarakimu, kama *150*00#, na orodha hizo hufunguka katika kitochi sawasawa na katika simu ya bei ya ng'ombe. Mzazi wa Kolo aliyetumiwa fedha na mwanawe aliyeko Dodoma au Arusha hakuhitaji simu janja kuzipokea. Hapa ndipo ulipo msingi wa jambo ambalo liliwashangaza wauzaji wa simu janja miaka kumi baadaye, kwamba kitochi hakikufa.

Kivutio kilichofuata kilikuwa laini mbili. Kampuni za simu zilitoza ghali kwa mteja aliyepiga mtandao mwingine, kwa kuwa kila kampuni ililipa nyingine ada ya kupokea simu hiyo, ada ambayo hadi mapema mwaka 2013 ilikuwa shilingi 112 kwa dakika, kabla TCRA haijaishusha hadi shilingi 34.92 kuanzia Machi mwaka huo. Katika hali hiyo mtu mwenye akili ya biashara alikuwa na laini mbili au tatu na kuzibadilisha kwa kucha siku nzima. Kampuni ya Transsion, iliyoanzishwa China mwaka 2006 na Zhu Zhaojiang, iliielewa tabia hiyo mapema kuliko Nokia, ikaielekeza biashara yake Afrika tangu mwaka 2008, na simu zake za Tecno, kisha Itel, zikaingia zikiwa na nafasi ya laini mbili, betri kubwa na sauti ya kusikika penye kelele. Kwa mnunuzi wa Kondoa faida nyingine ilikuwa ya fundi: simu iliyonunuliwa na wengi ilikuwa na kioo, betri na chaja za akiba katika kila mji, ilhali simu ya jina kubwa ikiharibika ililazimu kusubiri mtu anayekwenda soko la Kariakoo, Dar es Salaam.

Pamoja na Tecno zilikuja simu nyingine zisizo na baba. Kampuni ya MediaTek ya Taiwan ilikuwa imeanza kuuza kipande kimoja cha kielektroniki kilichobeba kazi karibu zote za simu, pamoja na michoro ya namna ya kuiunda, na kwa hiyo karakana ndogo za Shenzhen ziliweza kutoa simu bila kuwa na wahandisi wengi. Matokeo yake yalijaa minadani: simu zenye spika za kutikisa meza, laini nne, runinga ndani yake, na jina la Nokia au Samsung lililokosewa herufi moja. Dharau inayotolewa kwa simu hizo si ya haki yote, kwa maana ndizo zilizowafunza vijana wengi kutumia muziki, picha na kadi ya kumbukumbu. Lakini betri zake zilivimba, na nyingi hazikuwa na namba halali ya utambulisho, ile ya tarakimu 15 ijulikanayo kama IMEI. TCRA ilianzisha rajisi kuu ya namba hizo, na usiku wa tarehe 16 Juni 2016 simu zilizoonekana kuwa bandia zilizimwa katika mitandao yote nchini. Hasara ilimwangukia aliyenunua, si aliyeingiza wala aliyeuza, na mtu aliyekuwa ametoa fedha za magunia ya mahindi alibaki na redio yenye tochi.

Simu janja, kwa upande wake, ilianza kushuka bei katika Afrika Mashariki baada ya mambo mawili kukutana: mkongo wa SEACOM uliotandazwa chini ya bahari kufika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, na mfumo wa Android, ambao Google iliutoa mwaka 2008 na kuruhusu mtengenezaji yeyote autumie. Mwaka 2011 Safaricom ya Kenya iliuza kwa wingi Huawei IDEOS, simu ya Android iliyopatikana kwa chini ya dola 100, na tangu hapo ilijulikana kuwa bei hiyo inawezekana. Katika Tanzania kazi ya kuishusha zaidi ilifanywa hasa na Tecno, Itel na simu zilizouzwa kwa majina ya kampuni za mitandao zenyewe. Mwaka 2015 Halotel, kampuni ya Viettel kutoka Vietnam, ilianza kazi ikiwa imejenga mtandao wake hadi vijijini, jambo lililozilazimu kampuni zilizotangulia kutazama upya maeneo ziliyoyaona hayana faida.

Hata hivyo simu janja za kwanza za bei ya chini zilikuwa bidhaa mbovu, na ni vyema jambo hilo lisemwe wazi. Kumbukumbu ya kazi, yaani sehemu ambayo simu hutumia kushikilia programu zinazoendelea, ilikuwa megabaiti 512 au pungufu, na nafasi ya kuhifadhia ilikuwa gigabaiti 4, ambazo nusu yake ilikwisha kuliwa na mfumo wenyewe kabla mnunuzi hajapiga picha hata moja. Simu iliganda, ikajaa, ikadai programu zifutwe. Chaji ya siku moja haikufika jioni. Kioo kilipasuka kwa kuanguka ambako kitochi kisingejali. Kisha likaja pigo ambalo hakuna fundi wa Kondoa aliyeweza kulitibu: WhatsApp, ambayo kwa wengi ndiyo sababu pekee ya kununua simu janja, iliacha kufanya kazi katika Android 2.3.7 na zilizotangulia mwanzoni mwa Februari 2020, na katika Android 4.0.4 na zilizotangulia Novemba 2021. Kama ilivyokuwa kwa simu bandia mwaka 2016, kifaa kizima, kisicho na ufa wala kutu, kilikufa kwa uamuzi uliofanywa mbali.

Majaribio ya kutafuta njia ya kati yalikuwapo. Google ilitangaza mwaka 2017 toleo jepesi liitwalo Android Go, kwa simu zenye kumbukumbu ya kazi ya gigabaiti 1 au pungufu, na mwaka 2019 Vodacom Tanzania ikaleta Smart Kitochi, simu ya vibonye yenye mfumo wa KaiOS, iliyouzwa chini ya shilingi 50,000 ikiwa na intaneti na betri ya kudumu. Wazo lilikuwa zuri kwa eneo kama Kondoa, labda zuri kuliko yote yaliyopata kuletwa, lakini lilitegemea programu za wengine, na mwaka 2024 WhatsApp iliacha kupokea watumiaji wapya wa KaiOS. Aliyeinunua baada ya hapo ili kuzungumza na watoto wake walio mbali alijikuta tena na kitochi cha kawaida.

Serikali nayo ilijaribu kwa njia ya kodi. Bajeti ya mwaka 2021/22 iliondoa Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo Tanzania Bara ni asilimia 18, kwenye simu janja, vishikwambi na modemu, kwa lengo la kufikisha matumizi ya intaneti asilimia 80 ifikapo mwaka 2025. Bajeti iliyofuata ikaufuta msamaha huo, kwa kuwa bei za dukani hazikuwa zimeshuka kama ilivyokusudiwa. Mwaka mmoja ni muda mfupi wa kupima lolote katika biashara ambayo shehena zake huagizwa miezi kabla, na nafuu ile ilipotea njiani kati ya bandari na duka la rejareja, ambako hakuna aliyetakiwa kuonyesha bei ya zamani na mpya. Njia ya mkopo imefika mbali zaidi: Safaricom ilianza mwaka 2020 mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ambapo mteja alitanguliza shilingi 1,000 za Kenya kisha akalipa 20 kila siku, na mikopo ya namna hiyo imeenea Tanzania pia. Simu ya mkopo hufungwa kutoka mbali malipo yakichelewa. Utaratibu wa kulipa kila siku unamfaa mwenye bodaboda au muuza duka, anayeshika fedha kila siku. Mkulima wa alizeti, anayeshika fedha mara moja kwa mwaka, unamgeuzia msimu wa njaa kuwa msimu wa simu iliyofungwa.

Katika miaka ya karibuni mazingira ya Kolo yamebadilika kuliko simu zenyewe zilivyobadilika. Lami ya Dodoma hadi Babati ilizinduliwa mwaka 2018, Serikali ilikuwa imekwisha kuanza kuhamia Dodoma kwa kasi tangu 2016, na bidhaa za Kariakoo, ambazo zamani zilifika Kondoa zikiwa zimepitia mikono mingi, sasa hufika kwa siku moja. Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulitia saini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 katika kata za pembezoni nchini. Umeme wa gridi umepunguza kazi ya mchajishaji. Mambo matatu yaliyokuwa yakimzuia mnunuzi, yaani mtandao, chaji na fundi, yamelegea kwa viwango tofauti, kwa haraka zaidi barabarani Kolo kuliko katika vijiji vilivyoingia ndani, na ndiyo maana watu wengi wa eneo hili hubeba simu mbili, kitochi kwa kupiga na kupokea fedha, simu janja kwa picha na WhatsApp.

Kwa anayenunua simu janja yake ya kwanza leo, mwenendo wa miaka ishirini unatoa hukumu iliyo wazi: kamera na ukubwa wa kioo ndivyo vinavyopambwa zaidi kwenye boksi, lakini simu za bei nafuu zilizotupwa Kondoa zilitupwa kwa sababu ya kumbukumbu ndogo, mfumo uliopitwa na wakati na betri dhaifu. Simu iliyotumika ya daraja la juu kidogo, yenye mfumo ambao bado unapokea maboresho, humfaa mnunuzi kuliko simu mpya iliyo duni kuliko zote, ikiwa fundi wa karibu ana kioo na betri yake. Na kabla ya kutoa fedha, abonyeze *#06# na kulinganisha namba itakayotokea na ile iliyoandikwa kwenye boksi. Zisipofanana, amrudishie muuzaji simu yake.